Gari la Safari Linavuja: Kutafuta Maji Yanakopitia Kwenye Paa la Kuinua

Masika yakianza, ujumbe wa madereva kwa fundi bodi hufanana: paa linavuja, njoo na silikoni. Fundi anakuja, anapaka, gari linatoka. Safari inayofuata mgeni wa kiti cha nyuma analalamika tena kwamba begi la kamera limelowa. Silikoni inapakwa juu ya silikoni, na baada ya misimu miwili hakuna anayejua tena maji yalikuwa yakipitia wapi hapo mwanzo.

Kuziba tundu ukishalijua ni kazi ndogo. Kulipata ndiko kunakokula siku, kwa sababu maji huingia mahali pamoja, yakatambaa juu ya dari au ndani ya fremu, kisha yakadondokea mbali kabisa na yalikoingilia.

Haya yanahusu magari yaliyokatwa paa kwa ajili ya utalii: Land Cruiser za toleo la 70 zilizorefushwa katika karakana za Arusha na Nairobi, na Hiace zenye mfuniko mmoja mrefu ambazo bado ziko nyingi Kenya. Asili ya tatizo ni moja. Bodi iliyotoka kiwandani ikiwa nzima imekatwa juu, ikachomelewa ukingo wa chuma uliosimama kuzunguka tundu, na juu yake ukawekwa mfuniko unaoinuka kwa miguu au shokapu za gesi, ukikalia raba na kushikwa na makomeo. Gari likipita barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi la Serengeti, bodi hiyo hujipinda kila mita. Kila kilichoshikwa kwa gundi, riveti au skrubu hulegea kidogo kidogo.

Kabla ya kumwaga maji, soma vumbi

Gari likirudi kutoka porini usikimbilie kuliosha. Inua mfuniko, uutegemeze kwa gongo imara la mbao (shokapu iliyochoka huweza kuuachia ghafla ukiwa na kichwa katikati), kisha pita na tochi ukitazama raba. Panapoonekana mstari wa vumbi uliovuka kutoka nje kwenda ndani, hapo hewa inapita, na maji yatapita. Vumbi la Ndutu na Olduvai lina majivu ya volkano, ni laini mno, linapenya hata mahali ambapo jicho halioni upenyo. Piga picha kila mstari kwa simu, ukianzia kona ya mbele kushoto ukizunguka, ndipo uoshe.

Angalizo moja: gari linalotembea huvuta hewa kwa nyuma, kwa hiyo mlango wa nyuma utakuwa na vumbi jingi hata kama mvua haiingilii huko. Kwenye paa vumbi ni shahidi mzuri. Kwenye mlango wa nyuma, usimwamini peke yake.

Baada ya hapo, jaribio la maji. Shusha dari au angalau ifungue pembeni uone chuma. Mmoja awe nje na hozipaipu, mwingine ndani na tochi na kitambaa kikavu. Maji yatiririke taratibu, bila kubana mdomo wa bomba. Anza chini: fremu za madirisha, halafu mfereji wa mvua wa pembeni, halafu ukingo wa mfuniko, mwisho juu ya mfuniko penye bolti. Kila sehemu ipe dakika 10. Ukianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu na hutakuwa umejifunza lolote. Mashine ya presha ya kuoshea magari iweke kando kabisa. Inasukuma maji hadi yapite kwenye raba nzima, na inaweza kubandua gundi iliyokuwa salama.

Linavuja kwenye ukingo wa mfuniko, gari likiwa limesimama

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na kila mtu hulaumu raba. Mimi huanza na makomeo.

Paa hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, tena mara nyingi kwa haraka, mvua ikiwa imeshaanza. Komeo moja likibaki halijakaa sawasawa, au ndoano yake ikiwa imelegea, kona hiyo inakaa juu milimita chache na inatosha. Kata vipande virefu vya karatasi ya kawaida. Laza kimoja juu ya raba, funga mfuniko, kivute. Kikitoka kwa kukwama, hapo pamebana. Kikiteleza bila kizuizi, hapo pako wazi. Zunguka paa lote, kila baada ya shubiri moja, ukiweka alama kwa tepu ya karatasi. Kwa kawaida utakuta alama zimejikusanya upande mmoja, karibu na komeo moja.

Ndoano nyingi zina nyuzi na nati ya kufungia. Legeza nati, zungusha ndoano nusu mzunguko, funga, jaribu karatasi tena. Fanya hivyo gari likiwa mahali tambarare. Ukikaza makomeo gari likiwa limelalia upande, umeyakaza kwa bodi iliyopinda. Na usikaze mpaka mwisho. Raba ya paa hufanya kazi yake ikikandamizwa kati ya robo na nusu ya unene wake. Ikisagwa kabisa hairudi, na baada ya muda utalazimika kununua nyingine.

Makomeo yakiwa sawa, ndipo uende kwenye raba. Dawa ya kwanza ni kitambaa na maji ya sabuni. Mchanga, majani ya migunga na matope makavu huinyanyua raba na kuacha njia pembeni. Ikishakauka, ipulizie mafuta ya silikoni. Grisi, dizeli na oili chafu zisiiguse, maana raba nyingi za kazi hii huvimba na kulainika zikikutana na mafuta ya petroli; ni jambo linaloonekana kila siku magereji na bado linaendelea. Kisha ibonyeze kwa kidole hapa na pale. Panapobaki shimo, raba imekufa, na kuibadilisha nusu hakufai. Badilisha mzunguko wote.

Unapobadilisha, angalia kiungo. Mafundi hupenda kuanzia kona ya mbele kwa kuwa ndiko walikosimama, na kiungo kikaishia mahali upepo na maji vinapogonga kwa nguvu zaidi. Kiungo kikae nyuma, katikati ya upande ulionyooka, kikatwe wima kwa wembe mpya na kushikwa kwa gundi ya raba. Usiivute raba wakati wa kuiweka. Ikivutwa, itajikunja kurudi na kiungo kitaachia.

Kama karatasi bado inateleza mahali palepale, shida iko kwenye umbo. Paka chaki kwenye ncha ya ukingo wa chuma, funga mfuniko, ufungue tena, utazame alama iliyobaki kwenye raba. Mstari wa upana mmoja ni mzuri. Unapokatika, mfuniko au ukingo umepinda hapo: mzigo uliofungwa juu ya mfuniko, tawi lililokwaruza, au mgeni aliyeruhusiwa kukaa juu kupiga picha. Kuna wanaotia raba nene zaidi mahali hapo. Inanyanyua mfuniko pande mbili zilizo jirani na kukupa matundu mawili badala ya moja. Mfuniko wa bati hunyooshwa na fundi bodi. Wa faiba hurekebishwa kwa kukata, kupanga upya na kuweka tabaka jipya.

Sababu ya nadra, lakini nzito, ni ukingo wenyewe. Ulichomelewa kwenye paa, ukafunikwa puti ya kusawazishia bodi na rangi, na puti haipendi kutikiswa. Chunguza kona nne, za mbele kwanza. Ufa mwembamba kwenye rangi, au rangi iliyovimba, unaonyesha kuwa kutu imeshatangulia chini. Hapo gundi haisaidii kitu. Inabidi kukwangua hadi chuma cheupe, kukata kilichooza, kuchomelea upya, kupaka praima, ndipo kuziba.

Kavu likisimama, linavuja likitembea

Hozipaipu haitakuonyesha hili. Kwenye lami ya kuelekea Makuyuni, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo hufanya kazi mbili kwa pamoja: unasukuma maji chini ya ukingo wa mbele na unaunyanyua mfuniko. Dalili inayotangulia kuvuja ni mluzi juu ya kichwa cha dereva.

Anza na makomeo ya mbele. Ukiwa ndani, mfuniko umefungwa, usukume juu kwa viganja viwili karibu na kioo cha mbele. Ukicheza, umeshapata jibu. Yakiwa imara, tazama shokapu za gesi. Baadhi ya karakana hubadilisha zilizochoka kwa zenye nguvu kuliko zinazohitajika, kwa kuwa ndizo zilizopatikana dukani, nazo zinabaki zikisukuma mfuniko juu muda wote hata ukiwa umefungwa. Paa linaloruka lenyewe mara tu komeo linapoachiliwa limewekewa shokapu zenye nguvu kupita kiasi.

Ukitaka uhakika kuhusu mahali, kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza hufanyika uani: funga madirisha yote, washa feni hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha mwenzako apake maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka raba kwa nje. Panapotoa mapovu, hewa inatoka. Ya pili ni tepu ya karatasi. Ziba ukingo wote wa mbele, toka na gari mvua ikinyesha. Kukikauka, bandua nusu, rudi tena barabarani. Baada ya mizunguko michache sehemu yenyewe itabaki fupi kiasi cha kuizungushia kalamu.

Ikiwa makomeo, shokapu na raba vyote ni vizuri, na kuvuja kunatokea kwenye njia mbovu tu, bodi inajipinda kuliko kawaida. Kagua nguzo za milango na mahali gari liliporefushwa. Ufa popote kwenye nguzo ni sababu ya kusimamisha gari. Nitarudi kwenye hilo.

Maji mengi kwa mkupuo, likifunga breki au likiteremka

Gari limekuwa kavu asubuhi nzima, linaanza kuteremka kreta ya Ngorongoro, na maji yanamwangukia dereva shingoni. Maji hayo hayakuingia wakati huo. Yaliingia usiku na yakasubiri.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni nafasi kati ya ukingo uliosimama na midomo ya mfuniko. Maji hutakiwa kutoka huko kwa vitundu au mapengo ya nyuma. Vumbi likilowa hugeuka tope, vikaziba. Vizibue kwa kipande cha waya laini na maji, na viwe kwenye orodha ya usafi wa kila mwisho wa safari. Kama vimezibwa kwa silikoni na mtu aliyedhani ni matundu ya kuvuja, na hilo hutokea, vikwangue.

Pili ni dari: iguse kwa chini. Ikiwa nzito na baridi, imebeba maji, na tundu halisi liko kwingine. Rudi kwenye jaribio la hozipaipu. Tatu ni fremu za bomba za mraba zilizo ndani ya mfuniko. Maji huingia kwenye tundu la riveti, yakajaa bomba. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikie tofauti. Fundi anaweza kutoboa tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa yatoke, lakini kwanza hakikisha hakuna waya wa taa au wa soketi za kuchajia unaopita humo, na bado unapaswa kupata yalikoingilia.

Tone linaanguka katikati, mbali na raba

Hakikisha kwanza kwamba ni kuvuja. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, watu saba wenye makoti yaliyolowa wakipumua ndani ya gari lililofungwa watatoa matone kwenye bati lolote. Bandika kipande cha nailoni upande wa ndani wa bati palipokauka, kingo zote zizibwe kwa tepu. Kesho yake, ukikuta unyevu juu ya nailoni upande wa abiria, ni mvuke. Fungua madirisha kidogo na fikiria kuweka sponji ya kuzuia baridi chini ya bati. Unyevu ukiwa kati ya nailoni na bati, linavuja.

Kwa kuvuja kwenyewe, watuhumiwa ni bolti za keria na tako la antena ya redio. Kila kimoja ni tundu lililotobolewa kwenye paa. Toa bolti, safisha pande zote mbili, weka utepe wa butili au gundi ya poliyurethani chini ya washa, kisha ukaze kiasi. Waya wa antena upinde ushuke kidogo kabla ya kuingia kwenye tundu, ili maji yadondoke nje badala ya kuufuata ndani. Riveti za kawaida zina tundu katikati na hupitisha maji hata zikiwa zimekaza. Paka gundi kichwani, au badala yake weka zilizofungwa mwisho. Kwenye faiba tafuta nyufa za nyota kuzunguka bolti.

Viti vya pembeni vimelowa

Madirisha ya kusukuma. Karibu kila mara ni vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini vilivyojaa vumbi: maji yanajaa reli na kumwagikia ndani. Safisha kwa brashi ya meno na hewa. Kama vitundu viko wazi, brashi za pembeni ya kioo zimekwisha, au fremu ya alumini imeliwa. Vumbi la magadi la kreta na la Amboseli hula alumini likipata unyevu, kwa hiyo magari ya njia hizo yaoshwe reli kwa maji mengi yasiyo na chumvi.

Sakafu ya mbele imelowa, paa ni kavu

Mvua ikiwa haijanyesha, usiguse paa. Upande wa abiria, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Lizibue kwa chini. Maji yakiwa na rangi, yananata na yana harufu tamu, ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye hita: pima kiwango chake injini ikiwa imepoa na usiende safari ndefu kabla fundi hajaona.

Mvua ikiwa imenyesha, tazama raba ya kioo cha mbele. Toleo la 70 lina kioo kinachoshikwa na raba, na kutu hupenda kujificha chini yake, hasa pembe za chini. Inua mdomo wa raba taratibu kwa kijiti cha plastiki. Ukiona mabaka ya kahawia, kioo kitolewe na fremu itibiwe. Baada ya hapo kagua mfereji wa mvua juu ya milango, kwani gundi ya kiwandani iliyo ndani yake hupasuka kwa miaka.

Ukishalipata tundu

Ziba kwa nje. Ukiziba kwa ndani, maji yanabaki ndani ya chuma na kazi ya kutu inaendelea bila wewe kuiona. Silikoni yenye harufu ya siki haifai kwenye chuma kitupu kwa kuwa asidi yake huleta kutu, na rangi haishiki juu yake. Ikiwa ilishapakwa, itolewe yote: kata kwa wembe, kwangua, sugua kwa msasa, futa kwa spiriti. Hakuna gundi itakayoshika juu ya mabaki yake. Kwa viungo vinavyotikisika tumia poliyurethani ya bodi za magari. Huiva milimita chache kwa siku, na polepole zaidi kukiwa kukavu, kwa hiyo gari lisitoke kesho yake asubuhi kwenda kwenye njia mbovu.

Simamisha kazi, mwite mtaalamu

Ufa kwenye nguzo, kwenye fremu iliyoongezwa baada ya kukata paa, au kwenye maungio ya urefu: hilo ni suala la usalama wa abiria gari likipinduka, na gari lisibebe watu hadi karakana iliyolijenga au yenye uwezo huo ilikague.

Maji yamefika kwenye boksi la fyuzi au kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya soketi za kamera. Inveta hutoa volti 230 hata ikiwa ndani ya gari. Izime, tenganisha betri, mwite fundi umeme.

Kunahitajika kuchomelea popote. Betri zitenganishwe, dari na sponji viondolewe, kizima moto kiwe karibu, na anayechomelea ajue mabomba ya mafuta yanapopita.

Shokapu ya gesi imepinda au inavuja mafuta. Itolewe mfuniko ukiwa umetegemezwa, na isitobolewe, isikatwe wala kuwekwa karibu na moto; ndani yake kuna gesi yenye shinikizo kubwa.

Umeziba mara mbili mahali palepale na bado panavuja. Mahali hapo sipo. Rudi kwenye hozipaipu, na safari hii anza chini zaidi ya ulipoanzia mara ya kwanza. Dari usiirudishe mpaka mvua moja kubwa ipite juu ya gari likiwa limesimama, na nyingine likiwa barabarani.